Kabla ya Kidonge cha Asubuhi

Tuseme ni mama wa miaka 55, mkazi wa Morogoro, aliyepandikizwa ini Delhi mwaka mmoja na nusu uliopita. Leo ni siku yake ya kliniki Dar es Salaam. Ameamka saa kumi alfajiri, ameswali, amefunga chapati mbili kwenye kitambaa, na kidonge chake cha asubuhi amekitia kwenye mkoba bila kukimeza. Hakukisahau. Ameambiwa asikimeze mpaka damu itolewe. Treni inakata kilomita karibu 200 kuelekea pwani, na njia nzima mkono wake unaingia kwenye mkoba na kutoka, kuhakikisha kidonge kipo. Jirani wa kiti akimuuliza anakokwenda, anajibu, "Nafika mjini mara moja, mwanangu," basi.

Ukimtazama, amepona. Macho yameacha umanjano, tumbo lililojaa maji limeshuka, kanga inamkaa vizuri. Mtaani wanasema amefufuka, na yeye mwenyewe anashukuru usiku na mchana. Lakini wiki moja kabla ya kliniki usingizi humpungua, chakula hakipiti, na akiguswa kidogo machozi yanamlengalenga. Ndugu humwambia, "Usiwe na wasiwasi, dada, majibu yatakuwa mazuri tu." Maneno hayo yanatoka moyoni, na bado hayamtulizi. Nataka kueleza kwa nini hayamtulizi, na ni kitu gani kinachoweza kumtuliza, maana mtu kama huyu hatakwenda kliniki mara tano au kumi akamaliza. Atakwenda maisha yake yote.

Lugha yetu imeliweka ini karibu kabisa na uchungu: neno baya hukata maini. Ajabu ni kwamba ini lenyewe, nyama yake ya ndani, haliumi. Mishipa inayohisi maumivu iko kwenye utando mwembamba unaolifunika, na utando huo hulalamika pale tu ini linapovimba na kuunyoosha. Ndiyo maana homa ya ini aina ya B inaweza kulila ini la mtu kwa miaka 20 naye analima, anafanya biashara, anacheza harusini, mpaka siku anatapika damu au macho yanageuka manjano. Na ini la kupandikizwa limezidi ukimya, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiliunganisha na mwili wa mwenyewe ilikatwa wakati linatolewa. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku mwili wake umeanza kulishambulia ini lake jipya.

Kwa hiyo damu ndiyo ulimi wa ini. Mgonjwa anapoambiwa aje kupimwa ilhali hajisikii vibaya, wengi huona kama wanasumbuliwa, au, vibaya zaidi, kama daktari anajua jambo analowaficha. Ukweli ni mwepesi kuliko hivyo: anaitwa akiwa mzima kwa sababu kusubiri mpaka aumwe ni kuchelewa. Naiona hii kuwa hatua ya kwanza ya utulivu. Siku ya kliniki haikuletwa na ubaya wowote uliogunduliwa. Ilipangwa tangu siku aliyotoka hospitali, na ingepangwa vilevile kwa mgonjwa mzima kuliko wote duniani.

Sasa kile kidonge kwenye mkoba. Wengi waliopandikizwa ini humeza takrolimasi, dawa inayoshusha kinga ya mwili ili isilipige vita ini lisilo lake. Wajapani waliipata mwaka 1984 kutoka kwa bakteria aliyeishi kwenye udongo wa Tsukuba, na Pittsburgh, Marekani, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1989. Ni dawa yenye mlango mwembamba. Ikipungua kwenye damu, kinga inaamka na kulivamia ini. Ikizidi, figo zinaumia, mikono inatetemeka, presha inapanda, sukari inapanda, na maambukizi yanapata njia. Daktari hulenga kiwango kinachohesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu: mara nyingi 6 hadi 10 kwa kila mililita ya damu katika wiki za mwanzo, kisha 4 hadi 8 kadiri mwili unavyozoea, kila mgonjwa kwa hesabu yake.

Kiwango hicho hupanda saa chache baada ya kumeza dawa, kisha hushuka taratibu mpaka dozi inayofuata. Kinachopimwa ni kiwango cha chini kabisa, kile kinachobaki saa 12 baada ya dozi ya jana usiku. Mama yetu angekimeza kidonge saa kumi na moja alfajiri kwa hofu ya kuchelewa, damu ya saa nne ingeonyesha dawa imejaa kupita kiasi. Daktari asiyejua angepunguza dozi. Wiki mbili baadaye dawa ingekuwa haitoshi kweli, na vimeng'enya vya ini vingeanza kupanda. Matatizo yote hayo yangetokana na kidonge kimoja kilichomezwa mapema kwa nia njema.

Kuna jambo dogo hapa linalowahusu hasa wasema Kiswahili, nami silioni dogo hata kidogo. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka Delhi huandika saa kwa Kizungu. Nane yao ya asubuhi ni saa mbili yetu. Mgonjwa akisomewa karatasi na kijana wa nyumbani kwa haraka, anaweza kuishia kumeza dawa saa nane mchana na saa nane usiku. Nafasi ya saa 12 kati ya dozi itakuwapo, lakini siku ya kliniki damu yake itatolewa katikati ya safari ya dawa, na namba itakayotoka haitamaanisha kile daktari anachodhani. Wahusika wote wakae siku moja, waziandike saa kwa Kiswahili, kwa wino, wazibandike ukutani. Na anayesafiri kutoka mbali anaweza kumwomba daktari wake asogeze ratiba. Mama wa Morogoro humeza saa nne usiku na saa nne asubuhi, kwa makubaliano na kliniki, ili treni iwe na nafasi ya kufika kabla ya wakati wa dozi.

Ratiba yenyewe ya vipimo ina habari ndani yake, ingawa wachache hufundishwa kuisoma. Wiki za mwanzo damu hutolewa mara mbili au zaidi kwa wiki, na mgonjwa kwa kawaida hubaki India miezi miwili au mitatu kwa sababu hiyo. Kisha inakuwa mara moja kwa wiki, halafu kila baada ya wiki mbili, kila mwezi, halafu kila miezi miwili au mitatu, na miaka ikisonga wengine huonwa kila baada ya miezi sita. Nafasi inapanuka kadiri ini linavyojithibitisha. Daktari anaposema, "Sasa uje baada ya miezi mitatu," hayo nayo ni majibu, na pengine ndiyo majibu makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Wagonjwa wengi huyapita bila kuyasikia kwa sababu macho yao yako kwenye karatasi ya maabara.

Lakini si kila mara nafasi hupanuka, na hapa ndipo pagumu.

Karatasi ya maabara ina safu ya majina ambayo mgonjwa hujifunza kuyaogopa kabla ya kujifunza maana yake. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, vinamwagika kwenye damu. Alkalini fosfatesi, GGT na bilirubini hupanda zaidi nyongo inapokosa kupita vizuri. Albumini na kipimo cha kuganda kwa damu vinaonyesha kama ini linafanya kazi yake ya kutengeneza protini. Kreatinini ni ya figo, maana dawa ileile inayolinda ini huzibana figo polepole kwa miaka. Potasiamu, magnesiamu na sukari vinaangaliwa kwa sababu hiyohiyo ya dawa.

Kosa la kawaida ni kusoma namba moja kama hukumu. Tuseme ALT ya mama yetu ilikuwa 28, ikaja 37, ikaja 31. Hakuna kilichotokea. Mwili si mashine ya kusaga. Namba zake hucheza kidogo kila siku, na maabara mbili tofauti hazitoi jibu moja hata kwa damu ileile. Lakini ikitoka 31 ikaja 90, kisha 200, hiyo ni njia inayopanda, na njia inayopanda inauliza swali. Daktari mzoefu hutazama mwelekeo kabla ya namba. Ndiyo maana nalipenda sana daftari la mgonjwa: tarehe, ALT, bilirubini, kreatinini, kiwango cha takrolimasi, dozi ya siku ile. Mtu mwenye daftari la namna hii haoni tena 37 peke yake ikimkodolea macho. Anaiona katikati ya wenzake kumi na watano, na inapungua ukali.

Maneno yanayotisha kuliko yote kwenye simu ni "Mama, tunaomba urudi tutoe damu tena." Usiku huo hakuna anayelala nyumbani. Hata hivyo sababu za kurudia kipimo ni nyingi, na baadhi yake hazina uhusiano wowote na ini. Chembe za damu zikipasuka kwenye kichupa, kwa sindano nyembamba au kwa kutikiswa njiani, potasiamu na AST hupanda kwa uongo. Kipimo cha dawa kikitolewa baada ya kidonge, kinarudiwa. Namba iliyoruka ghafla bila sababu hurudiwa kabla ya kubadilisha dozi, na huo ni uangalifu wa daktari. Mgonjwa ana haki ya kuuliza palepale kwenye simu: "Ni namba ipi imewashangaza, na mnadhani ni nini?" Swali hilo moja linaweza kuugeuza usiku mzima.

Neno "kukataliwa" nalo linahitaji kutulizwa. Kwa masikio yetu kukataliwa ni jambo la mwisho: posa imekataliwa, ombi limekataliwa, mtu kakataliwa na ukoo. Mgonjwa akiambiwa mwili umeanza kulikataa ini, anasikia mlango ukifungwa. Kitabibu maana yake ni nyingine. Kukataliwa kwa haraka, kunakotokea zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, ni chembe za kinga zilizoanza fujo ndani ya ini. Mara nyingi huthibitishwa kwa bayopsi, yaani kinyama kidogo kinachochukuliwa kwa sindano, kisha hutibiwa kwa dripu za steroidi kwa siku chache na kuongezwa dozi ya takrolimasi. Wengi hutulia, na ini huendelea na kazi. Tukio la namna hiyo likikamatwa mapema na kutibiwa, kwa kawaida haliondoi ini. Kinachoondoa ini ni tukio lililoachwa wiki sita kwa sababu mtu alikuwa anajisikia vizuri, au aliogopa kwenda kupimwa.

Na si kila vimeng'enya vinapopanda ni kukataliwa. Njia ya nyongo inaweza kubana pale iliposhonwa, ikapanuliwa kwa kibomba kinachopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Mshipa wa damu unaoliingia ini unaweza kuziba, ndiyo maana ultrasaundi ya Doppler hutumiwa sana mwanzoni. Kirusi cha CMV, ambacho watu wengi wanacho kimya mwilini tangu utotoni, kinaweza kuamka kinga ikishushwa. Ugonjwa wa awali unaweza kurudi. Aliyepandikizwa kwa sababu ya homa ya ini aina ya B hupewa dawa ya kukikandamiza kirusi chake kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yote, na aliyekuwa na saratani ya ini hupigwa picha kwa vipindi kutazama kama imejitokeza tena. Ini jipya nalo linaweza kujaa mafuta kama la mtu mwingine yeyote. Nayataja haya bila kuyapamba, kwa sababu mgonjwa huyajua nusunusu tayari, na nusu ndiyo inayomkosesha usingizi. Kila moja katika hayo lina jina, lina kipimo, na mengi yana matibabu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomwambia mama yetu kwamba majibu yatakuwa mazuri. Hawajui. Yeye pia anajua kwamba hawajui, na kwa hiyo anabaki peke yake na hofu yake, akitabasamu ili asiwavunje moyo. Kumtaka mtu aamini kwamba kila kipimo kitakuja safi ni kumjengea nyumba itakayobomoka siku ya kipimo kimoja kibaya, na katika miaka 20 ya kliniki kipimo kibaya kimoja au viwili vitakuja. Matumaini yanayodumu yana msingi mwingine: majibu yakija mabaya, yatakuwa yamekuja mapema, na kuna mtu anayejua la kufanya. Mtu akilielewa hilo, kliniki inabadilika sura. Sindano ya mkononi inakuwa kama mlinzi anayezunguka nyumba usiku. Hatuombi mlinzi asione kitu. Tunataka akiona, aite.

Msingi huo si wa kubuni. Machi 1963, huko Denver, Marekani, daktari Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto, naye alifariki kwa kutokwa damu upasuaji ukiendelea. Mwaka 1967 ndipo mgonjwa wa kwanza akaishi zaidi ya mwaka. Kwa miaka mingi iliyofuata, kati ya watatu waliopandikizwa, mmoja hivi ndiye aliyevuka mwaka. Mabadiliko yalikuja na dawa, kwanza saiklosporini, ambayo Roy Calne wa Cambridge alianza kuwapa wagonjwa mwaka 1978, kisha takrolimasi. Na yalikuja pia na kujifunza kupima, kufuatilia, kurekebisha dozi kidogokidogo. Leo katika vituo vikubwa watu karibu 9 kati ya 10 wako hai mwaka mmoja baada ya upasuaji, na zaidi ya 7 kati ya 10 baada ya miaka mitano. Wapo waliopita miaka 30. India yenyewe, inakokimbiliwa na wagonjwa wetu wengi, ilifanikiwa kupandikiza ini mara ya kwanza mwaka 1998 tu. Ndani ya takwimu hizo za uhai zimo sindano zote za maabara. Ukiziondoa, takwimu zinaanguka.

Kuna chanzo cha huzuni ambacho familia hukikosea, nacho ni dawa zenyewe. Steroidi za miezi ya mwanzo huiba usingizi na zinaweza kumfanya mtu mpole awe mkali, au alie bila sababu anayoijua. Takrolimasi hutetemesha mikono na wakati mwingine huleta ndoto mbaya na wasiwasi. Mtu akiambiwa imani yake imepungua, au kwamba hana shukrani kwa Mungu aliyemponya, wakati kinachomsukasuka ni miligramu, anaongezewa mzigo usio wake. Amwambie daktari. "Silali" na "nalia bila sababu" ni dalili kama kuvimba miguu, na ziandikwe kwenye faili. Tafiti za waliopandikizwa viungo zimeonyesha kwamba wenye sonona isiyotibiwa huishi vibaya zaidi na wengine hufa mapema zaidi, kwa sehemu kwa sababu mwenye sonona huacha kumeza dawa na kuhudhuria kliniki. Kwa hiyo kuitibu sonona ni kulitunza ini. Sidhani jambo hili linasemwa vya kutosha katika kliniki zetu, ambako dakika chache za daktari humalizikia kwenye karatasi ya maabara.

Upo pia uzito wa aliyetoa. Afrika Mashariki mchangiaji ni ndugu: mdogo mtu, mtoto, mpwa. Sheria ya India ya mwaka 1994 iliweka masharti makali kwa mchangiaji asiye ndugu wa karibu, na familia zetu huenda huko zikiwa na mtu wao. Tuseme aliyempa mama yetu ini ni mdogo wake wa kiume. Alikatwa upande wa kulia, karibu asilimia 60 ya ini lake, na mara nyingi kifuko cha nyongo huondolewa pamoja. Ini la ndugu huyo lilikua tena kukaribia ukubwa wake wa kwanza katika muda wa miezi michache, na kipande alichopewa dada yake kikakua vilevile. Ni kiungo chenye ukarimu ambao hakuna kingine mwilini kinachoufikia.

Lakini mama anapokwenda kliniki anakwenda na ini la mdogo wake. Kipimo kikiharibika anahisi kama amepewa amana akaivunja. Ndiyo maana wengi huwaficha wachangiaji wao majibu, na mchangiaji, akiona kimya, hufikiria mabaya zaidi. Nimeona kwamba siri ya namna hii huwachosha wote wawili kuliko kipimo chochote. Heri mdogo mtu aketi naye kliniki walau mara moja kwa mwaka, asikie kwa masikio yake daktari akieleza kwamba ALT iliyopanda haikuletwa na uzembe wa mtu. Na akiwa huko apimwe naye. Aliyetoa ini anastahili kufuatiliwa, na kwa kawaida ndiye wa kwanza kusahauliwa, kwa sababu alikuwa mzima na akarudi shambani.

Zipo hatari ambazo si za bahati, na kuzijua humpa mgonjwa kitu cha kushika mkononi. Nyingi ziko duka la dawa la mtaani. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli hupandisha takrolimasi kwenye damu. Balungi hufanya hivyohivyo. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huishusha kwa nguvu sana, na katika nchi zetu zenye kifua kikuu kingi hili si jambo la kitabuni. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kwa maumivu ya mgongo kama wanunuavyo pipi, huziumiza figo ambazo tayari zinabeba takrolimasi. Miti shamba ya "kusafisha ini", inayoletwa na majirani kwa upendo mwingi, haina kipimo wala anayejua itakavyokutana na dawa. Hata kubadilisha takrolimasi ya kiwanda kimoja kwa ya kingine, au ya mara mbili kwa siku kwa ile ya mara moja, kunahitaji kipimo kipya cha damu. Chanjo zenye vimelea hai, ikiwemo ya homa ya manjano, hazichomwi tena baada ya kupandikizwa. Msafiri huomba barua ya daktari ya kumsamehe badala ya chanjo. Na mwezi wa Ramadhani, anayetaka kufunga azungumze kwanza na kliniki, kwa sababu kukauka maji mchana kutwa na takrolimasi ndani huzibana figo.

Nchini kwetu kuna msaada zaidi ya ule wengi wanaoudhani. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Aliyepandikizwa figo na aliyepandikizwa ini wanameza dawa zile zile za kushusha kinga, kwa hiyo wapo madaktari wanaozijua tabia zake. Mgonjwa aliyetoka India na nambari ya simu ya daktari wa Delhi asibaki akining'inia kwenye simu hiyo peke yake. Awe na daktari wa hapa, mmoja, anayemjua kwa jina, na wote wawili waandikiane. Kinachochosha moyo kuliko ugonjwa ni kueleza historia yako upya kila mara kwa mtu mpya.

Saa nne kasoro dakika tano mama amekaa kwenye kiti cha maabara, mkono umekunjuliwa. "Shikamoo, mama," anasema kijana wa maabara. "Marahaba, mwanangu. Sijameza." "Hongera, mama, wengine wanasahau." Vichupa vitatu. Pamba, plasta. Mama anafungua mkoba, anatoa kidonge, anakimeza kwa maji ya chupa aliyoyabeba kutoka nyumbani, anaangalia saa.

Majibu yanakuja kesho yake alasiri, yuko Morogoro anachambua mchele. Dawa iko 5.2. Kreatinini ileile. ALT 58, kliniki iliyopita ilikuwa 34. Daktari anamwambia kwa simu kwamba inaweza kuwa si kitu, kwamba hataki kugusa dozi kwa namba moja, na arudie damu baada ya wiki mbili, hapohapo Morogoro, kabla ya kidonge. Anamuuliza kama amemeza dawa nyingine yoyote. Mama anafikiri. Mafua ya wiki iliyopita; binti yake alimletea vidonge. "Niletee jina la vidonge hivyo, mama." Anainuka, anakwenda kabatini, anasoma herufi moja moja kwenye pakiti. Kisha anachukua daftari, anaandika tarehe, 58, na pembeni yake jina la dawa ya mafua. Anampigia mdogo wake. "Imepanda kidogo," anamwambia. "Tunarudia baada ya wiki mbili. Wewe umeshakwenda kupima yako?"